Kuchagua dawa ya sonona: mambo ya kupanga na daktari kabla na baada ya kidonge cha kwanza

"Dokta, ipi ni kali?" Mimi ni mfamasia, si daktari, ila nimeacha kuwasahihisha. Anayeuliza huwa ameinama dirishani, sauti chini, wenzake kwenye foleni wasimsikie. Namwelewa. Mtu aliyekaa miezi minne akishtuka saa tisa usiku na kukodolea macho dari mpaka kunapambazuka hataki kubembelezwa, anataka kitu cha kumaliza shida.

Tatizo ni kwamba dawa za sonona hazipangiki kwa ukali. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi uliojumlisha majaribio 522 ya dawa 21, yenye washiriki zaidi ya 116,000. Zote 21 zilifanya vizuri kuliko kidonge bandia, na zenyewe kwa zenyewe hazikuachana sana. Zinapoachana kweli ni kwenye yale zinayokufanyia pembeni: hii inakulaza, ile inakukesheza, moja inakunenepesha, nyingine inakuondolea hamu ya tendo la ndoa. Kwa hiyo dawa huchaguliwa kwa kumtazama mtu, mwili wake, magonjwa yake mengine na lile ambalo hatalivumilia. Mwongozo huu ni wa mgonjwa mtu mzima na anayemuuguza, waingie kwa daktari wakijua la kusema na la kuuliza. Usiutumie kujiandikia dawa.

Majina ya dawa nimeyaandika kama tunavyoyatamka. Kwenye boksi yana tahajia ya kigeni, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sonona, na si kitu kinachofanana nayo

Sonona kubwa si huzuni ya wiki moja. Daktari hutafuta dalili zisizopungua 5 kati ya 9, zilizodumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mojawapo lazima iwe ama huzuni yenyewe ama kutofurahia tena chochote. Nyingine ni usingizi kuharibika, hamu ya kula au uzito kubadilika, uchovu, kujiona huna thamani au una hatia, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo.

Tezi ya shingo ikilegea, damu ikipungua, pombe ikizidi, mtu anaweza kufanana kabisa na mwenye sonona. Dawa nazo zimo: prednisoloni (ya kutuliza uvimbe na pumu) na efavirenzi (ya VVU), kwa mfano, zinaweza kuvuruga hisia. Ndiyo maana kipimo cha damu kabla ya kuanza si kupoteza muda.

Halafu kuna swali moja ambalo likirukwa, kila kinachofuata kinaweza kwenda mrama. Je, umewahi kuwa na siku nne, tano, au wiki nzima ambapo ulilala saa mbili tatu tu na bado ukaamka na nguvu, maneno yanakutoka mfululizo, mipango kumi kwa mpigo, pesa zinatumika ovyo, na watu wa karibu wakaanza kuulizana umekuwaje? Hiyo yaweza kuwa dalili ya baipola, na mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa kutoka kwenye huzuni hadi kwenye mchachariko wa hatari. Anahitaji dawa za kutuliza mawimbi ya hisia. Nenda na ndugu au mwenzi anayekufahamu vizuri. Mgonjwa mwenyewe hukikumbuka kipindi kile kama siku zake nzuri kuliko zote, wala haoni sababu ya kukitaja. Kama kuna ndugu wa damu mwenye baipola, sema.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, yataje kwa jina lake, usizunguke. Ukiwa tayari umeshapanga namna, hilo si la kusubiri tarehe ya kliniki: nenda leo hospitali yenye huduma ya dharura, na mtu akusindikize. Mawazo hayo yanabadilisha hata dawa utakayopewa na idadi ya vidonge utakavyoondoka navyo.

Mwisho wa hatua hii, jaza dodoso la PHQ-9. Lina maswali 9, alama kuanzia 0 hadi 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, na hapo mazungumzo ya tiba na mtaalamu wa saikolojia kwa kawaida hutangulia dawa. Kuanzia 10 kwenda juu daktari huanza kufikiria tiba rasmi, na sonona ikiwa kali, dawa pamoja na mazungumzo hufanya vizuri kuliko kimoja peke yake. Iandike alama yako na tarehe. Utaihitaji baadaye, kumbukumbu ya mwenye sonona haiaminiki.

Hatua ya 2: Karatasi moja

Kabla ya kwenda, andika. Dawa za sonona ulizowahi kutumia, dozi, muda, na kilichotokea. (Dawa iliyokufaa miaka mitano iliyopita ndiyo ya kwanza kurudiwa, na watu husahau kuitaja.) Kila unachomeza sasa, pamoja na dawa za maumivu unazojinunulia na mitishamba. Magonjwa: moyo, kifafa, presha ya damu, presha ya macho, ini, figo, tezi dume. Kama una mimba, unaitafuta au unanyonyesha. Kama kaka, dada au mzazi alitumia dawa fulani ikamfaa, iandike pia. Si ushahidi mzito, lakini madaktari wengi huipa uzito kidogo.

Chini kabisa, andika kile ambacho kikikutokea utaiacha dawa bila kumwambia mtu. Hili watu hulionea aibu. Alikuja bwana mmoja kuchukua dawa za mwezi wa tatu, nikamwuliza zile za mwezi uliopita zimeishia wapi, akacheka tu. Baadaye, foleni ilipoisha, akarudi: "Dokta, ile dawa imenifanya si mwanamume." Alikuwa ameiacha wiki ya pili. Angelisema siku ya kwanza, zipo dawa ambazo zingempunguzia tatizo hilo tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Linganisha dawa na mwili wako

Mahali pa kuanzia, kwa watu wengi, ni kundi la SSRI: sertralini, esitalopramu, sitalopramu, fluoksetini, paroksetini. Zinazuia serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni, isifyonzwe upesi kurudi kwenye seli za ubongo. Hazitangulii kwa sababu zina nguvu zaidi. Zinatangulia kwa kuwa zinavumilika, na mtu akizidisha dozi si rahisi zimuue kama zile za zamani. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na usingizi wa mang'amung'amu ni vya wiki za mwanzo na huisha. Hamu ya tendo la ndoa kupungua au kuchelewa kufika kileleni ni jambo jingine: hutokea kwa wengi, na mara nyingi halijiondokei.

Ndani ya kundi hilo zinatofautiana. Sertralini, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, ndiyo huchaguliwa mara nyingi kwa mwenye ugonjwa wa moyo na kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Ubaya wake, inaharisha zaidi ya wenzake. Esitalopramu, miligramu 10, haigombani sana na dawa nyingine, lakini yeye na sitalopramu wanaweza kurefusha mapigo ya umeme wa moyo, hivyo mwenye tatizo la mapigo apimwe kwanza. Kwa aliyevuka miaka 60, sitalopramu haipiti miligramu 20. Fluoksetini, miligramu 20 asubuhi, huchangamsha, na hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Kwa mtu msahaulifu hiyo ni baraka, akiruka siku moja mwili hautambui. Paroksetini binafsi huwa natamani iwe ya mwisho kwenye orodha: inanenepesha zaidi, inasumbua zaidi kitandani, ni ngumu kuiacha, na huepukwa kwenye mimba kwa sababu ya hofu ya kasoro za moyo wa mtoto.

Kama shida yako kubwa ni kukosa usingizi, kula hakupandi na unakonda, mirtazapini miligramu 15 usiku ina hoja. Inalaza, inafungua hamu ya chakula, na haigusi sana mambo ya chumbani. Kwa mtu ambaye tayari uzito unamtesa, sifa hizohizo ndizo zinazomharibia. Ina kituko kimoja: dozi ndogo ndiyo inayolaza zaidi, ikipandishwa usingizi hupungua.

Bupropioni haiharibu tendo la ndoa, hainenepeshi, na hutumika pia kuwasaidia watu kuacha sigara. Ingekuwa dawa ya yule bwana. Lakini inafanya degedege la kifafa lije kwa urahisi zaidi, kwa hiyo haimfai mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa kujinyima chakula au kula na kujitapisha, wala mtu anayeacha pombe nyingi kwa ghafla. Mwenye wasiwasi mwingi na kukosa usingizi inaweza kumzidishia.

Sonona iliyokuja na maumivu ya mwili, hasa ya mishipa ya fahamu kama yale ya wenye kisukari, huelekeza kwenye duloksetini, ilimradi ini ni zima. Venlafaksini ni ndugu yake. Ipime presha kabla na kila dozi ikipanda, na usicheleweshe kidonge, maana ukichelewa hata siku moja mwili unalalamika.

Amitriptilini naizungumzia kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo ninayoiona ikitumika vibaya kuliko zote. Ni ya zamani, ni rahisi, na pamoja na fluoksetini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inafanya kazi. Lakini anakuja mtu na cheti cha miligramu 25 usiku, anaitumia mwezi wa tano, anasema dawa za sonona hazimsaidii. Miligramu 25 ni dozi ya maumivu na usingizi. Kwa sonona, hiyo ni ngazi ya kwanza tu, hupandishwa taratibu hadi kwenye miligramu 75, 100, wakati mwingine 150. Huyo hakushindwa na dawa, hakuwahi kuipata. Huko juu sasa ndiko kwenye kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo kugoma kwa mwenye tezi dume, na hatari kwa mwenye presha ya macho au moyo mbovu. Na dozi ya wiki chache ikimezwa kwa mkupuo inaweza kusimamisha moyo. Mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe boksi zima. Bora dawa nyingine, au vidonge vya siku chache vikitunzwa na mtu mwingine.

Wazee huanzia dozi ndogo. Wachunguzwe chumvi ya damu, kwa kuwa SSRI zinaweza kuishusha: mzee akianza kuchanganyikiwa au kuyumba wiki ya pili, apimwe sodiamu, watu wasiseme ni uzee. Mjamzito aliyekwisha anza dawa asiiache usiku mmoja kwa hofu; sonona isiyotibiwa nayo ina hatari kwa mama na mtoto. Ampelekee daktari swali hilo, wapime pamoja.

Hatua ya 4: Zinazogombana

Soma karatasi yako na mfamasia. SSRI zikikutana na tramadoli (ya maumivu), linezolidi (antibiotiki), baadhi ya dawa za kipandauso au mmea unaoitwa St John's wort, zinaweza kujaza serotonini kupita kiasi: jasho, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuharisha, homa, akili kuvurugika. Hiyo ni dharura. Dawa za kundi la MAOI, ambazo ni dawa za sonona za zamani, hazichanganywi kabisa na hizi. Hupita siku 14 kati ya moja na nyingine, na ukitoka kwenye fluoksetini kwenda MAOI ni wiki 5. Ibuprofeni, diklofenaki, aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda zikikutana na SSRI huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo aseme. Mama anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti aepuke paroksetini na fluoksetini, zinaizuia isigeuzwe kuwa umbo lake lenye nguvu. Pombe nayo ni dawa kwenye hesabu hii, hata kama mtu haioni hivyo.

Hatua ya 5: Wiki sita za mwanzo

Madhara huja kwanza, nafuu baadaye. Mpangilio huo ndio unaowafanya watu waache. Siku tatu za mwanzo tumbo linachafuka, usiku unazunguka kitandani, na huzuni iko palepale. Kumeza dawa pamoja na chakula kunasaidia. Mwenye wasiwasi mwingi anaweza kuanza na nusu dozi kwa wiki moja. Dalili ya kwanza ya nafuu mara nyingi huonwa na wengine kabla yako: umejibu simu, umeoga bila kuambiwa. Kuanzia wiki ya 2 kitu kinapaswa kuanza kusogea, na nafuu kamili huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi.

Wiki hizo za mwanzo anayekuuguza awe karibu. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujapoa, na mtu aliyekuwa mchovu hata wa kutekeleza mawazo mabaya akapata nguvu hiyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kuhusu watoto na vijana mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalisogeza hadi vijana wa miaka 24. Kutotulia ghafla, hasira zisizo na mpango, kutolala kabisa, au mawazo ya kujiua kuongezeka: mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje.

Rudia PHQ-9 wiki ya 2, ya 4 na ya 6. Ikishuka kwa nusu, dawa imeitika. Lengo ni chini ya 5.

Hatua ya 6: Isipoitika

Kabla ya kuilaumu dawa, hesabu vidonge. Dada mmoja aliniambia ametumia wiki tano bila mabadiliko. Nikamwomba boksi, tukazimwaga kadi juu ya meza: kati ya vidonge 35 vilivyopaswa kuliwa, vilikuwa vimeliwa 16. Hakuwa mwongo. Siku alizojisikia vibaya sana hakuweza hata kunyanyuka kuchukua maji, na siku alizojisikia afadhali aliona hahitaji. Tulichobadilisha ni mahali pa kuweka dawa, ikakaa karibu na mswaki.

Kama vidonge vimeliwa sawasawa na wiki ya 4 hakuna hata chembe ya mabadiliko, daktari ana njia tatu: kupandisha dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza ya pili. Akiona nafuu ya nusunusu, mara nyingi hupandisha na kungoja. Asipoona kitu, hubadilisha. Na aulize upya maswali ya Hatua ya 1, hasa la baipola. Usikate tamaa dawa ya kwanza ikikwama. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa STAR*D, uliotolewa mwaka 2006, ni kama theluthi tu waliopona kabisa kwa dawa ya kwanza, na wengine walipata nafuu kwenye ya pili. Usichokubali ni kubadilishiwa kila baada ya siku kumi. Hapo hakuna dawa inayopewa nafasi ya kuonyesha kazi yake, unakusanya madhara tu.

Hatua ya 7: Ikishakufaa

Endelea kwa dozi ileile iliyokuponya, angalau miezi 6 baada ya kujisikia mzima. Aliyewahi kuugua mara kadhaa hushauriwa miaka 2 au zaidi. Watu huniuliza kama watakuwa mateja wa dawa. Hapana, hazikupi uchu wala hazikufanyi utake nyingi zaidi kila siku. Ila mwili umezizoea, na ukizikata ghafla utalalamika: kizunguzungu, hasira za karibu, ndoto kali, na ile hali ya ajabu ya kama shoti ndogo ya umeme kupita kichwani ukigeuza macho.

Kuacha kunapangwa kwa wiki kadhaa, kwa wengine miezi, dozi ikishuka hatua kwa hatua, na hatua za mwisho ndizo za kwenda polepole zaidi. Chagua kipindi kilichotulia, si wiki ya msiba wala ya mtihani. Zikitokea dalili, tazama kalenda. Zilizokuja ndani ya siku chache baada ya kupunguza, zikiwa na kizunguzungu na zile shoti, kwa kawaida ni mwili kuikosa dawa. Ukirudi kwenye dozi ya kabla yake hutulia upesi, kisha unapunguza tena kwa kipande kidogo zaidi. Huzuni inayorudi kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, usingizi ukivunjika tena saa tisa usiku, hiyo mrudishie daktari pamoja na ile karatasi yenye alama zako.